Kurasa za kumbukumbu: jinsi ya kutengeneza albamu ya safari na familia kwenye simu, na kuituma ifike nzima

Chukua picha ya harusi ya miaka ya 1970 iliyo kabatini, uwaonyeshe vijana wa nyumba hiyo hiyo. Bibi watamtambua, pengine na babu. Wale kumi na wawili waliosimama nyuma hawatawajua, na nyuma ya picha hapajaandikwa kitu. Picha za simu zinaelekea huko huko, tena kwa kasi zaidi: ziko maelfu, hazina majina, zimetawanyika kwenye makundi ya WhatsApp, na simu ikiibwa ndiyo basi.

Dawa yake ni ukurasa wa kumbukumbu: picha chache zilizopangwa pamoja kama kwenye albamu ya zamani, zikiwa na majina, tarehe, mahali na maneno machache, zote ndani ya faili moja. Hautaki kompyuta kubwa wala ufundi wa ubunifu. Unataka uvumilivu kwenye majina na uangalifu wakati wa kutuma. Sehemu hizo mbili ndizo zinazoharibu kazi za wengi, kwa hiyo ndizo tutakazozikalia zaidi.

Mfano wetu ni familia iliyotoka Dar es Salaam kwenda Unguja kwa siku nne za Idi el-Fitri, Aprili 2024, huku ndugu wengine wakiwa Mombasa, Muscat na London wakisubiri picha. Vifaa ni simu yenye nafasi wazi ya angalau GB 2, programu ya kupangia kurasa iitwayo Canva (akaunti ya bure inatosha), au programu za LibreOffice Impress na GIMP kama una kompyuta. Hizo mbili nazo ni za bure.

Hatua ya 1: Pata picha zenyewe, si nakala za nakala

Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa hadi upande wake mrefu kuwa kama pikseli 1600, yaani vidoti vidogo vinavyounda picha. Kwenye kioo cha simu huoni tofauti. Ukiichapa kwa kiwango kizuri cha pikseli 300 kwa inchi, inatosha sentimita 13.5 tu. Zaidi ya hapo nyuso zinaanza kuvunjika.

Kwa hiyo waambie ndugu waliopiga picha wakutumie kama hati: wabonyeze alama ya kuambatisha, wachague "Document", wasichague "Gallery". Picha inayotumwa kama hati haiguswi. Inafika na ukubwa wake, na pia inafika na taarifa zake za ndani, yaani tarehe, saa, na mara nyingine mahali ilipopigwa. Ikitumwa kama picha ya kawaida, taarifa hizo hufutwa njiani.

Angalia na jina la faili, maana linapotosha watu wengi. Faili lenye jina IMG-20240410-WA0012 lilitoka WhatsApp, na ile tarehe ni ya siku lilipoingia kwenye simu yako, si siku picha ilipopigwa. Shangazi akikutumia leo picha za mwaka 2015, zitakuja na tarehe ya leo. Ukizipanga kwa majina hayo utapata safari iliyochanganyikana. Majina kama 20240410_103211 au IMG_20240410_103211 hutoka kwenye kamera ya simu yenyewe: tarehe kwanza, kisha saa, dakika na sekunde. Hayo unaweza kuyategemea.

Mkichanganya picha za kamera kadhaa, linganisheni saa zake. Muscat iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa moja. London iko nyuma kwa saa tatu wakati wa baridi na saa mbili wakati wa kiangazi. Simu hujirekebisha yenyewe mtu akishuka uwanja wa ndege, kamera ya kawaida haijirekebishi. Ndiyo maana picha za binamu aliyetoka Muscat zinaonyesha swala ya Idi imeswaliwa saa nzima baada ya picha zako.

Skrinshoti usiikubali kamwe kama ipo picha yenyewe. Inabeba ukubwa wa kioo tu, haina tarehe ya kweli, na juu yake kuna alama ya chaji.

Hatua ya 2: Picha za zamani na vikaratasi vya safari

Ukurasa wa safari unanoga ukiwa na picha ya zamani ya mahali hapo hapo: babu akiwa bustani ya Forodhani, Unguja, miaka hiyo, na wajukuu mahali hapo leo. Picha ya karatasi ya sentimita 10 kwa 15 iskani kwa 600 dpi (pikseli 600 kwa inchi), utapata takriban pikseli 2400 kwa 3600. Picha ya pasipoti, kwa kuwa ni ndogo, iskani kwa 1200. Iskani kwa rangi hata kama ni nyeusi na nyeupe, kwa sababu rangi husaidia kutofautisha doa na kivuli.

Kama huna skana, simu inatosha. Toka barazani penye kivuli, asubuhi au siku ya mawingu, flashi izimwe. Laza picha mezani, simama juu yake kwa umbali wa sentimita 40 hivi, vuta karibu kidogo kwa kamera, kisha hakikisha simu imelala sambamba na picha. Ukisogea mno badala ya kuvuta, pande za picha hujikunja na kivuli chako kinaingia. Picha yenye kioo ipigie ukiwa umevaa nguo ya rangi ya giza, maana shati jeupe huonekana kwenye kioo kama mzuka. Kuna programu ya bure ya Google iitwayo PhotoScan inayounganisha picha kadhaa ili kuondoa mng'ao.

Picha iliyogandana na kioo cha fremu usiivute. Uso wa picha za zamani una tabaka la jelatini, nalo hunyonya unyevu, hasa kwetu pwani, likavimba na kukaukia kwenye kioo. Ukivuta, uso wa mtu unabaki kwenye kioo. Iskani au ipigie hivyo hivyo ilivyo. Ile iliyonasa kwenye albamu ya gundi na utando wa plastiki, jaribu kupitisha uzi wa kusafishia meno chini yake taratibu kuanzia pembeni. Ikigoma, iache. Usipanguse picha kwa kitambaa cha maji. Brashi laini iliyo kavu inatosha.

Geuza kila picha, upige na mgongo wake. Huko kuna mwandiko, tarehe ya kusafisha picha, au mhuri wa studio. Mhuri wa Capital Art Studio, kwa mfano, unakuambia picha ilitoka Zanzibar na haiwezi kuwa ya kabla ya 1930, mwaka ambao Ranchhod Oza aliifungua. Barua za wazee zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu nazo ziskani kama picha. Usijaribu kuzichapa upya kabla hujampata anayezisoma vizuri.

Tiketi za boti, za SGR na risiti za hoteli zipige picha siku hiyo hiyo. Nyingi huchapwa kwenye karatasi inayotumia joto badala ya wino. Ikikaa kwenye pochi au kwenye gari lililoanikwa juani, maandishi yanafifia na unabaki na karatasi tupu.

Halafu kuna programu zinazodai kufufua picha za zamani. Kuondoa mikwaruzo na kurekebisha mwanga hakuna ubaya. Zile zinazochora uso upya hubuni macho na mdomo, na matokeo yake ni mtu mzuri ambaye si babu yako. Ukiitumia, weka na ile ya asili ukurasa huo huo, uandike wazi ipi imerekebishwa.

Hatua ya 3: Chagua kwa ukali

Safari ya siku nne huleta picha 300 au 400. Ukurasa mmoja usibebe zaidi ya tano. Kurasa kumi hadi kumi na mbili zinatosha, maana yake unahitaji picha 40 hivi. Kila ukurasa uwe na jambo moja: safari ya boti, asubuhi ya Idi, mchana nyumbani kwa bibi, mtaa wa Ng'ambo, jioni Forodhani. Ukurasa unaoitwa "Zanzibar 2024" wenye picha 25 ndogo hautazamwi na mtu zaidi ya sekunde tatu.

Kati ya picha kumi za kundi moja, chukua ile ambayo mkubwa kuliko wote ametoka vizuri, hata kama wewe umefumba macho. Acha nafasi pia kwa picha zisizo na watu: mlango wa nyumba, sinia la pilau, ndara za watoto zilizorundikana barazani. Baada ya miaka ishirini hizo ndizo watu wanazoziangalia kwa muda mrefu.

Hatua ya 4: Andaa ukurasa

Weka ukubwa kabla ya chochote. Tunapendekeza A4 iliyosimama, yaani pikseli 2480 kwa 3508. Inakaa vizuri kwenye simu na inachapika steshenari yoyote. Mraba wa inchi 12 kwa 12 unaotumiwa sana Marekani ni pikseli 3600 kwa 3600, ni mzuri, ila karatasi yake huku kwetu ni shida kuipata.

Kwenye Canva chagua ukubwa maalumu na uandike namba hizo mwenyewe, kwa kipimo cha pikseli. Ukichukua A4 iliyoandaliwa tayari, picha inayotoka inaweza kuwa na pikseli pungufu kuliko ulivyotarajia. Na kwa akaunti ya bure hutaweza kubadilisha ukubwa wa kazi iliyokwisha kupangwa, utaanza upya. Mapambo yenye alama ya taji ni ya kulipia. Ukiyaweka, faili litatoka na chapa juu yake.

Acha pambizo la pikseli 120 kila upande, sawa na sentimita moja. Kati ya picha na picha acha pikseli 40. Picha moja iwe kubwa, ichukue karibu nusu ya ukurasa, nyingine ziwe ndogo kuizunguka. Zikiwa zote sawa, jicho halijui lianzie wapi. Usuli, yaani eneo la nyuma ya picha, uwe rangi moja iliyopoa. Rangi nzuri inaokotwa kutoka kwenye picha yenyewe: buluu ya mlango, kijani cha kanzu ya mtoto. Kipande cha kanga kilichopigwa picha kwa karibu hufanya ukanda mzuri juu au chini ya ukurasa, kuliko maua yoyote ya kwenye programu.

Hatua ya 5: Andika maelezo. Hapa ndipo penye kazi

Watu hutumia saa mbili kupanga picha na dakika moja kuandika "Familia, raha tupu". Igeuze hesabu hiyo.

Kila ukurasa uwe na vitu vinne: nani, wapi, lini, na jambo moja ambalo picha haiwezi kulisema yenyewe. Tazama tofauti. Maelezo dhaifu: "Mjomba na watoto, Zanzibar." Maelezo yanayodumu (majina ni ya kupigia mfano tu): "Barazani kwa Bi. Asha binti Salum, Ng'ambo, Unguja, Jumatano Aprili 10, 2024, saa 4:30 asubuhi, baada ya swala ya Idi. Kutoka kushoto: Hamisi (mtoto wa tatu wa Bi. Asha), kisha Zuwena na Idrisa (watoto wa Hamisi). Idrisa amekataa kuvua viatu vipya."

"Mjomba" ni mjomba wa nani? Kwako ni mjomba, kwa mwingine ni baba, kwa wa tatu ni ba mdogo. Albamu ikizunguka kwenye ukoo, maneno haya yanageuka kila yanapopita. Chagua mtu mmoja au wawili wawe mhimili wa albamu nzima, kwa kawaida bibi na babu, na kila mtu umtaje kwa kuanzia kwao: mtoto wa ngapi, mjukuu kwa mtoto yupi, mke wa nani. Andika jina kamili mara ya kwanza, na lakabu kama ndilo watu wanalomjua nalo. Wanawake waandike kwa majina ya baba zao pia, si "mama fulani" peke yake. Wengi wamepotea kwenye kumbukumbu za koo kwa sababu hiyo.

"Kushoto" iwe kushoto kwa anayetazama. Na hakikisha picha haijageuzwa: kamera ya mbele ya baadhi ya simu hugeuza kulia kuwa kushoto. Namna rahisi ya kugundua ni kusoma kanga. Maandishi yakiwa kinyume, picha imepinduka. Na ukishaisoma kanga, yanakili yale maneno kwenye maelezo. Jina la kanga humkumbusha mtu mzima mwaka, sherehe na aliyemnunulia, hata pale uso wa aliyevaa umefifia.

Saa ya simu igeuze iwe ya Kiswahili: 10:32 ni saa 4:32 asubuhi. Kwa nini tunalisisitiza jambo dogo hivi? Kwa sababu ukiandika "saa 10" bila neno jingine, nusu ya ndugu wataelewa alasiri.

Tarehe usiyoijua usiibuni. Andika "miaka ya 1960" au "kabla ya kuzaliwa Hamisi". Mwaka wa kubahatisha ukishaandikwa kwenye ukurasa mzuri, watu wataunukuu kama ukweli na hutaufuta tena.

Ukubwa wa herufi: ukurasa wa A4 ukitazamwa kwenye simu hupungua hadi upana wa sentimita 7 hivi, theluthi ya ukubwa wake. Herufi zinazopendeza kwenye karatasi zinakuwa ndogo kama chungu wa sukari. Kanuni tunayoitumia ni hii: mstari unaoenea ukurasa mzima usizidi herufi 45, pamoja na nafasi. Kisha ujaribu: fungua ukurasa kwenye simu, usivute kukuza, unyooshe mkono. Ukisoma bila kukaza macho, bibi naye akivaa miwani atasoma.

Kabla ya kuanza kuandika, zima kusahihisha maneno kwenye kibodi, au weka kibodi ya Kiswahili. La sivyo itageuza majina ya watu bila kukuambia. Kagua pia alama ya ng' kwenye Ng'ambo na ng'ombe, kwa kuwa baadhi ya miandiko ya programu (fonti) huigeuza upande usio wake au kuiacha mbali na herufi.

Hatua ya 6: Mpe mkubwa asome kabla ya wote

Usitume kwenye kundi la ukoo kwanza. Mtumie mtu mzima mmoja anayejua majina, faraghani. Maneno yawe mepesi: "Shikamoo bibi. Nimeandaa ukurasa wa Idi, naomba unitazamie majina kabla sijawatumia wengine. Huyu aliyekaa karibu na mlango simjui. Ukiona kuandika ni tabu, nitumie sauti tu."

Hilo la sauti ndilo la maana. Atakachokiandika ni mstari mmoja, atakachokisema ni dakika sita, na ndani yake mtatokea majina ambayo hukuyauliza. Ile sauti ihifadhi kama faili ndani ya folda ya albamu, uipe jina la ukurasa. Usiiache ndani ya mazungumzo, huko itafutika siku simu itakapojaa.

Kosa likigunduliwa baada ya kutuma kwa wote, sahihisha na utume upya ukiandika pembeni "toleo la 2", na ile ya kwanza uifute kwenye kundi. Nakala mbili zenye majina tofauti zikizunguka pamoja, yenye kosa haikosi wa kuishikilia.

Hatua ya 7: Nani aone nini

Kundi la ukoo lenye watu 90 si sebuleni. Kila mmoja anaweza kupeleka mbele, na ikishatoka hairudi.

Picha za wanawake wakiwa ndani bila mtandio, za singo (kumsugua bibi harusi mwili kwa manukato), za kupambwa bibi harusi au za ngoma za ndani, zilipigwa mahali ambapo kila aliyekuwepo alijua nani yupo. Kuziweka kwenye kundi la wote ni kuvunja amana. Ni afadhali utengeneze ukurasa wa ndani kwa ajili ya kundi la wanawake peke yao, na mwingine wa wote. Muulize kila mwenye sura kabla, na akisema hapana, usimshawishi. Kumfunika kwa emoji si kumficha, anatambulika kwa nguo na kwa aliokaa nao.

Watoto: ondoa picha zinazoonyesha nembo ya shule, na za kuoga ufukweni zibaki kwa wazazi wao. Picha za mgonjwa na za msiba zinahitaji ruhusa ya wenye msiba, hata kama ulipiga mwenyewe. Ukurasa wa marehemu wauone wenye msiba kwanza.

Tiketi uliyoipiga ina namba ya safari, jina, pengine na namba ya kitambulisho au pasipoti. Msimbo wa mraba (QR) nao hubeba taarifa hizo hizo hata kama huzisomi kwa macho. Vifunike kwa kipande cha rangi isiyopenya kabla ya kuviweka. Brashi ya ukungu hafifu haitoshi. Na kurasa za safari zitume mkisharudi, kwa sababu picha ya nyote mkiwa kwenye boti inasema pia kwamba nyumba haina mtu.

Hatua ya 8: Toa mafaili mawili

Faili kubwa ni la kuchapa na kuhifadhi: pikseli zote 2480 kwa 3508, JPEG (aina ya kawaida ya faili la picha) ya ubora wa 90 au zaidi, au PDF ya kuchapa. Litakuwa na MB kadhaa. Faili dogo ni la kutuma: upana wa pikseli 1600, ubora wa 80, lengo lake lisizidi MB 1. Ndugu anayenunua bando la siku atafungua kurasa kumi na mbili za MB 1. Za MB 6 ataziacha zilivyo, na hatakuambia.

PNG, aina nyingine ya faili la picha, ihifadhi kwa ajili ya mapambo yasiyo na usuli. Ukurasa wenye picha nyingi ukiutoa kwa PNG unakuwa mzito mara kadhaa bila faida ya kuonekana. Na kila ukitaka kurekebisha, rudi kwenye kazi ya asili. Kufungua JPEG, kuirekebisha na kuihifadhi tena mara tano kunachakaza picha kama kanda iliyorekodiwa kutoka kanda.

Hatua ya 9: Tuma

Kwa kundi, unganisha kurasa zote kwenye PDF moja, uitume kama hati. Zinabaki kwa mpangilio wake, wakati picha kumi na mbili zikitumwa moja moja, salamu na emoji huingia katikati. Hati ya WhatsApp inaruhusiwa hadi GB 2, kwa hiyo ukubwa si kikwazo, kikwazo ni bando. Ukitaka waone papo hapo bila kufungua hati, tuma picha lakini bonyeza HD (ubora wa juu) kabla ya kutuma. Tanguliza ujumbe wa mistari miwili: ni nini, kurasa ngapi, MB ngapi.

Kwa walio mbali wanaotaka faili kubwa, tumia albamu ya Google Photos au folda ya Google Drive, utume kiungo. Fahamu mambo matatu. Kiungo kikiwekwa wazi humfungulia yeyote anayekipata, kwa hiyo kizime wiki mbili baadaye. Kwenye mipangilio ya albamu, zima kuonyesha mahali picha zilipopigwa. Na ukifuta picha kwako, inatoweka na kwenye albamu kwa wale ambao hawakuihifadhi. Ukitumia kiungo cha Canva, hakikisha ni cha kutazama tu, si cha kuhariri. Mtoto mmoja akigusa, bibi anahamia chini ya ukurasa.

Hatua ya 10: Chapa kwa ajili ya mwenye kitochi

Kuna mzee ambaye albamu nzima inamhusu na simu yake haionyeshi picha. Mchapie. Peleka faili kubwa kwa flashi ya kompyuta, si kwa WhatsApp ya steshenari. Omba karatasi ya picha ya gramu 180 hadi 230, maana ile ya kawaida ya gramu 80 hulowa wino na kujikunja. Chapa ukurasa mmoja kwanza. Karatasi haina mwanga wake kama kioo cha simu, kwa hiyo nyuso hutoka nyeusi zaidi, na huenda ukahitaji kuongeza mwanga kidogo kwenye kazi ya asili. Kurasa za kujalidiwa ziongezee pambizo upande wa mjalada hadi sentimita 2.

Nakala unaweza kuzilaminisha. Picha ya asili usiilaminishe hata siku moja, joto na gundi yake havitoki tena. Na kama ulifungua WhatsApp au barua pepe kwenye kompyuta ya dukani, kabla hujaondoka ingia kwenye simu yako, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, uiondoe ile kompyuta, na faili lako ulifute hapo dukani.

Hatua ya 11: Hifadhi

Majina ya mafaili yaanze na mwaka: 2024-04-10_Unguja_Idi_uk03. Hapo yatajipanga yenyewe kwa miaka, kwenye simu yoyote na kompyuta yoyote. Weka nakala tatu: moja kwenye simu au kompyuta yako, moja kwenye diski inayokaa nyumba nyingine, moja mtandaoni. Google inatoa GB 15 bure, lakini nafasi hiyo inagawana na barua pepe zako. Ikijaa, nakala mpya haziingii.

Akaunti ya Google isiyoguswa kwa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na picha zake zote. Simu za ndugu waliofariki ziko droo nyingi zikiwa zimezimwa, na picha zao ziko kwenye akaunti ambazo muda wake unahesabika. Kama ipo nyumbani kwenu, ichaji wiki hii, na kwa ridhaa ya warithi wake, nakili picha zake kwenye diski ile ile ya albamu. Kwa walio hai, Google ina mpangilio wa kuteua mtu atakayekabidhiwa data akaunti ikikaa kimya. Mketishe mzazi wako mjaze pamoja, na jina la aliyeteuliwa liandikwe kwenye ukurasa wa mwisho wa albamu.